Upande wa Pili Haujaguswa

Kwako dada Faida, mpiga ngoma wa bendi ya Dhoruba Nne,

Sijui sanduku lako la posta, ndiyo maana barua hii naiacha wazi. Mtu mmoja aliyetoka kambi ya wakimbizi alituambia jina lako lilisomwa na ukapelekwa nchi ya baridi. Mwingine akasema hapana, umehamishiwa kambi nyingine. Nimeinakili mara tatu kwa mkono. Moja nimempa dereva wa lori la kambini, moja iko parokiani, na moja nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule, mimi ambaye mwalimu akiniita jina naitikia ndani ya kola. Atakayeisoma na anakufahamu, akusomee. Watu watalijua kosa langu kabla yako, na kwa hilo pia unisamehe.

Naanza na siku ulipokuja, maana kosa likitangulia hutasoma mengine.

Mama alikukuta Kibirizi, ufukweni Kigoma, umekaa juu ya lundo la nyavu, umetoka kuvushwa na boti kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Alikuleta kwetu Katubuka ukiwa na begi moja. Alikuuliza kama una njaa, nawe ukauliza, "Mama, muko na redio ya kaseti?" Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu hata maji hajaomba," alisema, "anaomba redio." Ukafungua begi, ukatoa mfuko wa nailoni uliozungushiwa mpira, na ndani ya nailoni nailoni nyingine, na ndani yake kaseti nyeusi isiyo na karatasi wala jina. Ulisema uliibandua karatasi njiani kwa woga, kwa sababu ilikuwa na majina yenu wanne.

Betri zetu zilikuwa zimechoka, nikazipeleka juu ya bati zipate jua. Tulizingoja pamoja. Ndiyo mara ya kwanza nilipokaa na mgeni bila kutafuta kazi ya kunitoa chumbani.

Mpaka siku hiyo muziki kwangu ulikuwa kwaya za Mama na bendi za rumba zinazotoka redioni. Roki sikuijua. Gitaa la kaka yako Jules lilipoanza, nilidhani redio imeharibika, nikanyoosha mkono kuizima. Ukanishika kidole. "Acha. Njo vile iko." Yaani ndivyo ilivyo.

Ukanieleza mlivyoirekodi. Nyimbo nane kwa siku tatu, kwenye ukumbi wa parokia, magodoro yameegeshwa madirishani, maiki moja imening'inizwa kwenye boriti. Wewe ulikalishwa mlangoni kabisa, nusu ndani nusu nje, kwa sababu ngoma zako zilimeza wenzako. Mwimbaji wenu alikuwa fundi wa injini za boti na mikono yake ilinuka dizeli, kwa hiyo hakuna aliyetaka kusimama karibu naye, na ndiyo maana sauti yake inasikika peke yake. Wa gitaa la besi alikuwa mtoto wa mchungaji, akipiga huku amefumba macho ili akiulizwa na baba yake aseme hakuona kitu. Kwenye wimbo wa pili jogoo anawika. Jules alikataa kuurudia. Alisema jogoo kaingia kwa wakati kuliko wewe.

Siku moja nilitaka kuruka nyimbo nifike ninaoupenda, ukaniondoa mkono na kuniita petite, yaani mdogo, kwa Kifaransa chenu. "Albamu haiko kapu, petite. Ni nyumba. Unaingilia ku mulango, hauingilie ku dirisha." Tangu hapo nilianza mlangoni kila mara, na mlangoni alikuwepo Jules. Kabla ya wimbo wa kwanza unaangusha kijiti, naye anacheka. Mahali pengine popote kwenye kaseti anapiga gitaa au anaimba. Kicheko kilikuwa pale tu. Wewe ulikuwa ukikisikiliza umeinamia redio kama mtu anayepepea moto, kisha unarudisha nyuma kwa kalamu ili kuzionea betri huruma, unakisikiliza tena. Hukusema kwamba Jules alishuka botini kurudi kuchukua gitaa na boti yenu ikaondoka bila yeye. Mama ndiye aliyenieleza, siku tuliyokuwa tunamenya mihogo na wewe hukuwepo.

Miezi ile minne, dada, ndiyo niliyoishi kwa sauti kubwa. Ulinifundisha kupiga karai lililopinduliwa na kopo la rangi. Mama alisema, "Faida, huo mwiko ni wa ugali." Ukamjibu, "Mama, na ugali pia utakuja na mdundo." Jirani alipita akauliza kama tumefungua gereji. Mimi nilitaka kukimbilia ndani, ukanizuia na goti. "Unaogopa nini? Ngoma haiombaka ruhusa." Shule imenipa lugha mbili, Kiswahili miaka saba na sasa Kiingereza, na nilichofanya nazo ni kunyamaza katika zote mbili. Kwenye karai nilikuwa nasema.

Sasa kosa.

Unakumbuka watu walivyokuwa wakija kwetu kurekodi kaseti za salamu. Waliopotezana na ndugu hawakuwa na anwani ya kuandikia, na wengi hawakuandika kabisa, basi walizungumza kwenye kaseti, mchuuzi akavuka nayo ziwa, na ndugu akipatikana anajibu kwenye kaseti hiyo hiyo na kuirudisha. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Walinitaka mimi kwa sababu nilijua kuangalia pembeni mtu akilia.

Ile Alhamisi ulikuwa umekwenda kujiandikisha ukimbizi. Nilikuwa nasikiliza albamu yenu, na uliniruhusu, hilo halikuwa kosa. Mama akaita kutoka uani, mvua inakuja, dagaa wametandazwa. Unajua mvua ya huku na dagaa: hakuna anayemalizia anachofanya. Nilitoa kaseti, nikafunga nailoni, nikakimbia. Niliyofunga kwenye nailoni ilikuwa kaseti ya kwaya ya Mama, nayo nyeusi, nayo karatasi ilishabanduka. Yenu niliiacha rafuni.

Tukiwa bado na magamba mikononi, Bibi Mwavita akafika kutoka Gungu. Yule mzee wa upande wenu anayeishi kwa shemeji yake, ambaye mwanawe Salumu alibaki ng'ambo bila kujua kama mama yake alifika. Mchuuzi alikuwa anavuka saa tisa. Mama alisema, "Mrekodie juu ya ile ya kwaya, imechakaa."

Nikachukua ya rafuni. Kitufe cha kurekodi kikakataa kushuka. Vijino viwili vya juu vya kaseti vilikuwa vimevunjwa. Wewe uliniambia mwenyewe kwamba Jules alivivunja siku ya tatu, mtu yeyote asije akarekodi juu yenu. Lakini kaseti za kwaya nazo hutoka dukani vijino vimevunjwa, na sisi sote huku tunajua dawa yake: unakunja karatasi, unaziba vitundu, kitufe kinashuka. Ningeweza kuisikiliza kwanza. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, ameshika fimbo, na mimi nikaona aibu kumkalisha mkubwa akinisubiri. Nikakunja karatasi. Kaka yako alinikatalia kwa kile kitufe, na mimi nikamziba.

Bibi alisema dakika kumi na zaidi. Alimtajia mwanawe kila mtu aliyefika hai, kisha akamweleza bei ya sukari ya Kigoma, kisha akakosa la kusema akaomba dua. Kaseti ikaondoka na mchuuzi, ikavuka.

Ijumaa ukarudi na habari kwamba lori lenu la kambini ni kesho asubuhi. Jumamosi ukafunga begi. Niliona ukiweka nailoni katikati ya nguo, ukaipapasa. Mama akaniomba nimwekee kwaya nyingine kidogo, tuachane vizuri. Nikaenda rafuni, nikakumbuka kwamba Alhamisi ile kwaya iliyochakaa ilikuwa kando ya redio, si rafuni. Nikasimama pale nikihesabu kaseti zetu zote, nikajua iliyomo kwenye nailoni yako ni ipi.

Nilikuwa na saa nzima, dada. Hilo ndilo linalonichoma, kuliko kaseti yenyewe. Kosa lilikuwa la mvua na haraka, ila ile saa ilikuwa yangu. Nilibeba begi lako mpaka kwenye lori. Nilitembea nyuma yako nikiwa na sentensi mdomoni, nikaijaribu kwa Kiswahili, nikaijaribu kwa Kiingereza, haikutoka. Ulipopanda ulininyooshea mkono ukasema, "Sema basi neno moja, petite. Hata moja tu."

Nikasema, "Safari njema."

Ukacheka. "Umenipa na nyongeza."

Ulipofungua nailoni huko ukakuta kwaya inaimba, sijui ulifanya nini. Kila nikifikiria hapo nasimama. Labda ulidhani nilikuibia. Ningefurahi kama ulidhani hivyo, maana mwizi angalau unamkasirikia, hulazimiki kumhurumia.

Mvua zilipoisha Bibi Mwavita alikuja tena kwetu, safari hii bila fimbo, ameishika kaseti kifuani kwa mikono miwili. Mchuuzi alikuwa amerudi. Nikaweka, nikabonyeza, nikaangalia pembeni kama kawaida. Kwanza ikaja sauti ya Bibi mwenyewe, mpaka ile dua. Halafu mwanamume akakohoa, akasema, "Mama, shikamoo. Mimi Salumu. Mimi mzima." Bibi akavua kitambaa kichwani akakiweka mapajani. Hakulia. Alisema tu, "Sauti imekuwa nzito. Atakuwa anavuta sigara huyu."

Salumu alizungumza sana. Karibu na mwisho akasema maneno ambayo nayakumbuka yote: "Mama, huyo aliyekurekodia umwambie, dua yako ilipokwisha tulisikia gitaa. Tukageuza kaseti, tukasikia nyimbo. Hii ni mali ya mtu. Sisi tumejibana upande huu huu, upande wa pili hatujaugusa. Na watoto wa hapa wanauliza, ni nani anapiga ngoma namna ile?"

Bibi akanigeukia. "Anasema nini huyu? Ngoma gani?"

Nami nikasema, dada. Nilimwambia yote, kuanzia dagaa mpaka lori, na Mama amesimama mlangoni na beseni. Bibi akajifunga tena kitambaa. "Kwa hiyo, mjukuu wangu, mimi nilimkalia kaka wa mtu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na huyo dada, umemwambia?"

"Bado."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza," alisema. "Haya. Na sasa unataka kuniomba kaseti. Niombe. Umeshazoea kuzungumza."

Nikamwomba. Akakataa. Alisema sauti ya Salumu hailali nyumba nyingine na mama yake yuko hai. Alikuwa na haki. Mama ndiye aliyekumbuka kwamba kuna duka Gungu lenye redio ya kaseti mbili. Tulikwenda watatu. Kijana wa duka aliuliza nataka nini, nikamweleza mwenyewe, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mtu wa bodaboda nje akageuka. Upande wa Salumu ukahamishiwa kwenye kaseti mpya, Bibi akaisikiliza mwanzo hadi mwisho palepale dukani, akaridhika, kisha akaniwekea yenu mkononi. "Usiizibe tena," alisema.

Sasa nikwambie kilichobaki, kwa uaminifu. Upande wa kwanza umekwisha. Jogoo hayupo. Wimbo wa nne umebaki mwisho wake, kama mtu anayetokea nyuma ya nyumba. Upande wa pili upo wote, nyimbo nne, na ule wa mwisho ambao Jules anapiga peke yake mpaka tunamsahau kila mtu, ndipo wewe unaingia kutoka mlangoni na ngoma moja. Nimetoa karatasi niliyoziba. Vitundu viko wazi kama alivyoviacha.

Kicheko hakipo. Nimekiandika hapa kadiri ninavyokikumbuka, kwa sababu nilikisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote isipokuwa wewe. Kinaanza kama anakohoa chai ya moto. Kinasimama, unasema kitu kwa mbali ambacho hakisikiki, kisha kinarudi mara mbili, cha pili kifupi. Halafu anavuta pumzi, na gitaa linaanza kabla hajaimaliza. Najua hakitoshi. Ukija, nitakuigizia. Nimekijaribu uani na Mama alisema kinafanana na cha mtu fulani anayemjua, ila hakumbuki ni nani, maana kicheko cha Jules alikisikia kupitia ukutani tu.

Mchuuzi anavuka tena wiki ijayo. Nimemwomba amwambie Salumu kwamba anayepiga ngoma anaitwa Faida, na kwamba kama kuna mtu Kalemie anaitwa Jules, ana gitaa, aambiwe nyimbo nne ziko Katubuka. Nilimwambia hayo mwenyewe, ufukweni, mbele ya watu.

Uliniomba neno moja nikakupa mawili yasiyo na kazi. Haya ndiyo mengine.

Mdogo wako wa Katubuka,
mwenye karai.