Ngozi Iliyoshika Mbavu

Kwako Mama mpenzi, huko Kashebere,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na Papa. Je, mgongo wake umepata nafuu? Na muhogo wa kule chini umeota vizuri? Sisi huku Masisi tungali hai. Nilikawia kuandika kwa sababu mjukuu wako, yule mwenye jina lako, alitaka kutuponyoka.

Mke wangu alishikwa na homa, maziwa yakamkauka. Muganga wa dispensere akaagiza mtoto apewe maziwa ya ng'ombe, lakini yachemshwe, la sivyo tumbo litammaliza. Mwenye ng'ombe aliyetoka kuzaa ni mzee Gahizi, mkubwa wetu sisi wachungaji hapa shambani. Alinijazia kibuyu bila kusita. Aliposikia habari ya kuchemsha, akakirudisha kifuani. Kwa imani ya watu wake, maziwa yakiguswa na moto, chuchu za ng'ombe hupasuka na mwishowe ng'ombe hufa. Nilimsihi mpaka nikaona haya. Mtoto hakuwa na sauti hata ya kulia.

Bwana wetu, yule Mwingereza mwenye shamba, akapita, akasikia, akamwita mzee haidibaundi. Nikamuuliza maana yake, kwa kuwa nilikuwa na hasira na nilitaka tusi la kumtupia mzee. Akashika mtamba mmoja aliyekonda, akafinya ngozi ubavuni, haikuinuka. Haidi ni ngozi, akasema, na baundi ni kufungwa. Wafugaji wa kwao walianza kulisema kwa ng'ombe aliyekondeshwa na njaa hadi ngozi ikashika mbavu. Baadaye wakamvika neno hilo mtu asiyegeuka, mng'ang'anizi wa mambo ya zamani. Kisha akaenda zake.

Mzee alitaka kujua tumesema nini. Nikamweleza yote, sikupunguza. Akamgeukia yule mtamba.

"Ngombe ya vile hatuipigake," akasema. "Iko na njaa tu. Na mutoto wako naye iko na njaa." Akanipa kibuyu. "Enda uchemshe mbali, ngombe yangu isisikie harufu."

Nilichemsha nyuma ya kilima. Sasa mtoto anakunywa, analia kwa nguvu, mashavu yamerudi. Lakini mzee ametoa kitu ambacho yeye anaamini kitamuua ng'ombe wake. Kila asubuhi namkuta amechuchumaa akipapasa chuchu, nami nasimama nyuma yake, nikichungulia. Mimi niliyekuwa nikiucheka mwiko ule, leo nauogopa kuliko yeye.

Nisalimie dada yangu mkubwa na wanawe, na mjomba mtega samaki. Na Mama, ukipiga magoti kumwombea mjukuu wako, mwombee na ng'ombe.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Bahati