Mimi Nimechakaa, Roda Amechoka

Mama,

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu tukuzike, na mimi bado nina neno na wewe.

Roda akija nyumbani Moiben kutoka ofisini kwake Kesses, na kibegi kimoja tu, ulikuwa unamwambia, "Umechoka, mwanangu. Kaa, chai iko." Mimi, mwanao vilevile, nikifika kutoka sokoni Eldoret, nimeamka saa kumi alfajiri, nimebeba belo la mitumba mgongoni, uliniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni. "Ai, Nafula. Wewe umechakaa." Halafu unanituma maji. Miaka kumi na tisa, Mama. Hata siku moja hukusema nimechoka, na unajua mimi kwa hesabu sikosei.

Niliwahi kumuuliza mteja wangu, mwalimu wa Kiswahili anayekaa Munyaka, hilo neno lilitoka wapi. Akasema kwanza ni la vitu: nguo, mkeka, kamba, chochote kilichotumika mpaka kikaisha. Watu tulibandikwa baadaye. Aliyechoka akilala, anaamka mzima. Kilichochakaa hata ukikilaza mwezi, kinaamka vilevile. Nikajiambia, kumbe. Roda ni mtu, mimi ni mkeka.

Sasa nikuambie yaliyotokea. Siku ya kugawa nguo zako, shangazi zangu walinipa kazi ya kuzipanga, kwa sababu ndiyo biashara yangu. Mikono ikasahau iko wapi. Ikapanga kama sokoni: kamera huku, zile safi za kuchaguliwa kwanza, fagia kule, zile za mwisho kabisa. Shangazi Beatrice akaniuliza kama nimekuja kufungua belo kwenye matanga. Niliona aibu, lakini mafungu yalikuwa yameshakaa. Kwenye kamera, magauni tisa aliyokununulia Roda, manne hayajatoka kwenye plastiki. Kwenye fagia, sweta ya kijani niliyokutolea kwenye belo langu la kwanza. Viwiko vimetoboka, umevishona kwa nyuzi za rangi tatu, na inanuka maziwa.

Moyo wangu mbaya ukasema: unaona, za Roda alizitunza, yako akaivaa kukamulia ng'ombe.

Roda akaiokota, akaiweka usoni. "Hakuvaa hata moja yangu," akasema. "Yako ameivaa mpaka imeisha." Akaniomba abaki nayo. Nikaivuta mkononi mwake, mbele ya shangazi wote, kama wateja wawili wanaogombania koti. Alikuwa ananionea wivu, Mama. Roda, mimi. Nilisikia utamu, sitakudanganya.

Juzi alikuja kibandani kwangu. Nywele hazijasukwa, macho yamevimba, blauzi ameivaa ndani nje. Kabla sijamsalimia nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ai, Roda. Wewe umechakaa." Na sikuwa namtukana. Nilitaka tu kumshika. Nilipoona siwezi, nikamtuma maji.

Tangu hapo nakaa nikifikiria hiyo miaka kumi na tisa. Ungeniambia, Mama. Mara moja tu, ungeniambia.

Basi pumzika. Jumamosi nitampelekea Roda sweta Kesses. Atakaa nayo siku kumi na nne, na asiifue. Ya kumi na tano nitaenda kuichukua mwenyewe.

Wako,
Nafula