Mwajuma Analala Kitandani Kwako

Mwanangu Salome,

Mimi ni mzima. Nyumba ya Kisarawe ipo kama ulivyoiacha, isipokuwa kitanda chako sasa anakilalia Mwajuma, askari magereza mwenzako wa kule Kibaha. Nimeona ni haki nikueleze mwenyewe.

Ndiye aliyekuwa akikuitikia. Kila asubuhi majina yaliposomwa kwenye gwaride, nawe unaumwa, Mwajuma alijibu kwa niaba yako: "Mgonjwa, afande!" Kota zenu zilipakana na uwanja. Ulilisikia jina lako, ukalisikia jibu, ukasikia na vicheko. "Afande wa shuka," walikuita. Wengine hawakucheka; walikuwa wamechoka, maana lindo lako liliwaangukia wao. Nilikwambia uje nyumbani. Ukanijibu, "Mama, nikija huko watasema nimekimbia." Miguu ikiwa bado imevimba, moyo haujatulia, ulivaa sare ukaenda kusimama lindoni. Ulianguka kabla zamu haijabadilishwa, na hukuamka tena.

Sitarefusha hapo.

Sasa Mwajuma naye anaumwa, ni figo. Daktari amempumzisha kwa muda mrefu. Nilimfuata kotani, nikamkuta akipiga kiwi mabuti.

"Kesho naenda nionekane tu, mama. Wenzangu wananishikia lindo, naona aibu."

"Aibu hiyo utaivumilia ukiwa hai," nilimwambia. "Vua soksi."

Alicheka, kisha akalia. Mimi mwenyewe nilimfungia nguo zake, tukaja huku. Mkuu wake ana taarifa na hakupinga.

Huku asubuhi hasikii ila jogoo wa jirani. Siku za mwanzo aliamka kabla ya jua na kukaa wima, akisubiri. Siku hizi analala mpaka chai inachemka. Hata hivyo, jana aliniuliza, "Mama, wiki ijayo siwezi kujaribu?" Mabuti nimeyafungia kabatini.

Wewe sikuweza kukuzuia. Ulikuwa mtu mzima. Mwajuma naye ni mtu mzima, ila safari hii sijali. Nakuahidi hatarudi kazini mpaka daktari aseme. Akinuna, na anune. Akitoroka, nitamfuata hadi getini, na wote walioko kwenye gwaride watanisikia.

Kwaheri, mwanangu. Kuna mtu ananiita mama kutoka chumbani kwako. Naenda kumpa dawa.

Mama yako