Mimba Iliyotajwa Sokoni

Jumanne, 10 Oktoba
Damu. Si nyingi, lakini niliihisi nikiwa napima sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni. Nikajifunga kitenge cha pili, nikaendelea kuuza kama mtu mwenye akili. Miaka arobaini na tatu, kitinda mimba wangu yuko sekondari Nyundo — na mwezi uliopita nilidhani hedhi imeniaga! Nikagawa hata pedi zangu. Mama mwenye busara sana.

Jumatano, 11 Oktoba
Kituo cha afya. Nesi akauliza mume yuko wapi, maana kipimo cha kwanza cha mimba mnakuja wawili. Nikasema Straton kakesha ziwani anavua, sasa amelala kama gogo. Ekografi, ile picha ya tumboni: moyo unapiga. Wiki saba. Kadogo kuliko sambaza. Daktari kasema inaweza kubaki, inaweza kutoka, hana sindano ya kuishikilia. Nisibebe beseni la samaki. Nirudi Jumatano — damu ikizidi, nisingoje siku.

Alhamisi, 12 Oktoba
Mama mkwe kaja na chupa ya inkuri, dawa ya miti ya wajawazito. Na amri: usimwambie mtu. Mimba changa haitajwi, macho ya watu yanaichoma. Nikasema sinywi mpaka daktari aione. Akanuna. Enzi zake, kasema, hawakuwa na daktari. Nikamjibu ndiyo maana Straton katoka na kichwa kile. Akacheka, mama wa watu, kisha akaisukuma chupa chini ya kitanda changu.

Jumamosi, 14 Oktoba
Haya, nisipotaja, beseni abebe nani? Drocella, jirani yangu wa meza, kanitania mbele ya wote: "Bon, we Mukasine, siku hizi uko bosi? Beba byako."
Nikataja. Kwa sauti.
"Mi niko na mimba, inatoka damu, na sibebi."
Hata wauza ndizi wakageuka. Drocella akanisogelea: "Mutu gani anasemaka vile? Ikitoka, bote batajua."
Wajue. Ikitoka nataka watu wa kulia nami, sitaki kulia na kitenge peke yangu. Hilo nalo nikamwambia.
Akabeba beseni. Alilalamika njia nzima, lakini akabeba.

Jumatatu, 16 Oktoba
Imekauka. Naogopa kufurahi.

Jumatano, 18 Oktoba
Asubuhi imerudi, nyekundu kabisa. Straton kakodi voiture, yeye ambaye hulalamikia hata nauli ya pikipiki. Naandika kwenye benchi la ekografi. Viatu vyake vinanuka samaki, mkono kauweka gotini kwangu. Watatu wako mbele yetu.
Binti mmoja mwenye tumbo kubwa kaangalia shuka niliyojifunga, akaninong'oneza: "Pole, mama. Ulikuwa na miezi ngapi?"
Nikamwambia hiyo pole aiweke kwanza. Leo tumefika wiki nane.