Kitambaa Kikavu

Dodoma, wakati wa kipupwe

Kwa mdogo wangu Mwanaidi, Pangani.

Salamu zangu zikufikie wewe na watoto. Natumaini mguu wako ulioteguka umepona, na kwamba mvua za huko hazikuangusha ukuta wa jikoni. Mimi sikufichi. Kifua kimenibana tangu baridi ianze, chakula hakipiti ila uji, na nikiandika mistari mitano sharti nilaze kalamu nipumzike. Tabibu hakuniambia kitu, lakini alikataa kumpokea kuku niliyempa, nami nikaelewa.

Kwa hiyo nakuandikia jambo ambalo sitaki kuondoka nalo. Linamhusu mumeo Shomari na yule mbwa.

Unakumbuka nilimwita Shomari aje huku mwaka reli ilipofika, akawa mpishi katika nyumba nilimokuwa mkalimani. Bwana wetu, Mdachi, fundi mkuu wa reli, alikuwa mgeni wa nchi. Kiswahili chake kilikuwa "lete" na "ondoa". Mkewe alikuja na mbwa aitwaye Putsi, wa aina ya Kifaransa: mfupi, kifua kipana, masikio ya popo, uso bapa wenye mikunjo, mkia kama kifundo. Mama Nyemo, Mgogo aliyetuletea maziwa, alipomwona mara ya kwanza alitua kibuyu chini.

"Shomari, huyu kazaliwa hivi au kakanyagwa na ng'ombe?"

"Ndivyo walivyo kwao," alisema Shomari. "Na anakula nyama kuliko wewe."

"Basi nami nikanyagwe."

Bibi alipokwenda pwani kujifungua aliniachia mimi mbwa, kwa kuwa nasoma, pamoja na karatasi ya Kidachi. Nywele zipigwe brashi laini kila siku, zikiwa kavu. Asioshwe kwa sabuni zaidi ya mara moja kwa mwezi, maana ngozi yake hukauka na kupasuka. Asiachwe juani adhuhuri. Vidole vikaguliwe kupe na mbigili. Na kila asubuhi mikunjo ya uso, na kishimo kilicho chini ya mkia, ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, kisha ikaushwe kwa kitambaa kikavu mpaka ndani kabisa. Maneno hayo ya mwisho aliyapigia mstari.

Nilifanya yote isipokuwa hilo la mwisho. Unajua tulivyofunzwa chuoni: mbwa mkavu kwa mkono mkavu hana neno, lakini akiwa na maji unajisi wake unahamia mkononi, na mkono huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nami nilikuwa nasalisha watu. Nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikakilowesha, nikampangusa kwa mbali, nikamwacha hivyo. Nilijiambia kwamba upepo wa Dodoma, unaokausha kanzu kabla hujaigeuza, hautashindwa na uso wa mbwa. Lakini upepo hauingii ndani ya mkunjo. Vumbi liliingia, likakuta maji, likawa tope. Baada ya siku kumi na kitu uso ukanuka, nywele zikanyonyoka, ngozi ikawa nyekundu na kutoa usaha. Niliona. Niliendelea kupiga brashi mgongo, nao uling'aa.

Shomari ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Shemeji, huyu mnyama anaoza. Wewe unamsugua mgongo kama kiatu."

"Mshike wewe, kama huna sala ya kuswali," nilimjibu.

"Sala ninayo. Na maji ya kunawa yapo."

Alichemsha maji ya chumvi, akayapoza, akaingiza kidole katika kila mkunjo, akakausha kwa pindo la shuka yake. Mama Nyemo alimpa mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na udongo mwekundu, yale wanayojipaka vijana wa Kigogo, naye akampaka mbwa. Kila alipomaliza alikwenda nyuma ya jiko kuosha mikono mara saba, akihesabu kwa sauti ili nisikie. Usaha ukakoma. Ngozi changa ikaanza kufunga.

Ndipo bwana akarudi kutoka kwenye njia ya reli bila taarifa. Mbwa akatoka kumlaki, uso hauna nywele, mwekundu, unachuruzika mafuta. Bwana akauliza ni nani aliyempaka uchafu ule.

"Mwambie ni mimi," Shomari alisema bila hofu. "Mwambie vidonda nilivikuta, vililetwa na maji yasiyokaushwa, na mafuta haya yanaviponya. Akitazama karibu ataona mwenyewe."

Nikamgeukia bwana, nikamwambia kwa Kidachi: anasema ni yeye aliyempaka.

Nikakomea hapo. Bwana alisubiri kidogo, kama mtu anayejua maneno yalikuwa marefu zaidi. Nilitazama chini.

"Umemwambia yote?" Shomari aliniuliza.

"Nimemwambia."

Alichapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na kesho yake akapandishwa garimoshi. Mpaka leo anaamini kwamba bwana aliusikia ukweli wake akaukataa.

Kisha nikawaandikia ile barua iliyosomwa barazani mbele ya baba, kwamba Shomari amemharibu mbwa wa watu kwa uzembe na kuniaibisha. Baba alikufa akiamini hivyo. Nawe nimesikia kwamba mkigombana unamtajia mbwa, naye hutoka nje. Mwanaidi, uzembe ulikuwa wangu. Aliyemponya ni yeye.

Tangu alipoondoka nimemkausha Putsi kwa kidole changu mwenyewe kila asubuhi, na kuosha mara saba. Ni kazi ya muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba lilikuwa jepesi hivyo. Ijumaa iliyopita nilimweleza bwana. Akaniuliza yule mpishi aliitwa nani. Hata jina hakuwa nalo.

Nisalimie shangazi aliyetulea, na binti yako mkubwa pamoja na mumewe, na mwalimu wa chuo anayekusomea haya. Mama Nyemo anamsalimu Shomari, anauliza kama bado anahesabu mpaka saba kwa kelele.

Nakuomba barua hii isomwe palepale iliposomwa ile ya kwanza, mbele ya watu walewale walio hai, Shomari akiwapo. Namwomba radhi. Asiponipa ni haki yake, usimbembeleze. Wewe niandikie upesi jambo moja tu, kwamba mwalimu hakukatisha, na kwamba Shomari amesikia yote.

Ni mimi kaka yako,
Athumani