Rula na Safari ya Ambokile

Jumatatu, 6 Juni
Mvua tena. Nafundisha skeli Darasa la Sita: sentimita moja ya ramani, kilomita mia ngapi za ardhi. Katikati ya kipindi nikaitwa. Baba amefariki. Kifua kimemshinda. Nimekimbia hadi nyumbani na chaki mkononi.

Mchana posta, Tukuyu. Simu ya Moscow imekubali mara ya tatu. Kaka yangu Ambokile yuko huko tangu aende kusomea uhandisi. Siku hizi anauza nguo sokoni. Nimempa habari, akasema: "Kuna ndege kesho adhuhuri, napanda. Msimzike Tata kabla sijafika." Ikakatika.

Jioni, rula juu ya atlasi. Moscow na Dar ziko karibu longitudo moja. Kilomita elfu saba. Ndege inakwenda mia tisa kwa saa. Masaa manane tu! Kesho usiku Dar, Jumatano basi, usiku yuko hapa. Nikawatangazia wazee, kifua mbele. Wamekubali kusubiri. Maziko Alhamisi.

Jumatano, 8 Juni
Nimesimama stendi Tukuyu tangu magharibi. Siku hizi mabasi ya watu binafsi yanagombea abiria, yameingia matatu. Hayumo. Nyumbani harufu imeanza. Mama habanduki pembeni mwa maiti.

Alhamisi, 9 Juni
Nimeomba siku moja zaidi. Baba mkubwa akanikatiza: "Gwe mwalimu, si ulisema atafika jana? Mtu wa masaa manane hajafika, huyo hataki. Ametudharau." Hesabu ni yangu.

Tumezika saa tisa, migombani. Wamekatazana kumtaja Ambokile. Namchukia. Kwa nini hakuja?

Jumamosi, 11 Juni
Amekuja. Koti zito la baridi, matope hadi magotini. Hakukuwa na ndege ya moja kwa moja. Uwanja mmoja kalala kwenye kiti, wa pili kashinda kutwa, akingoja ndege nyingine. Sikuwahi kufikiria hilo. Sijapanda ndege maishani.

Kwetu mfiwa akichelewa, kinamama huinuka kumpokea kwa kilio kipya. Leo hakuna aliyeinuka. Kaka akasimama mlangoni na begi lake, anawatazama mmoja mmoja. Nilijua sababu, nikanyamaza. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 12 Juni
Nimesema. Baada ya sala, mbele ya wote: kosa ni la rula yangu, mwenzetu alikuwa njiani siku zote. Baba mkubwa akainamisha kichwa.

Kisha Mama akainuka mkekani, akamshika Ambokile mkono, akaanza kulia upya. Kinamama wakafuata. Wakampeleka migombani.

Mimi nimebaki ndani. Nimekunja mikeka, nimefagia. Mvua imepungua. Kesho Darasa la Sita wana kipindi changu cha kwanza.