Mwende, Siku Uliyoniuliza Swali Mbele ya Mwalimu Wako

Mwende wangu, kifungua mimba wangu uliyeko Lodwar kwenye jua kali,

Huku Waithaka sisi ni wazima, ila baridi imetushika shingo. Nimeandika barua hii na nimemwambia mke wa mchungaji akitaka aiweke kwenye jarida la kanisa, kwa sababu kuna watu hapa bado wanadhani wewe ni nesi. Nimewaeleza. Hata yule anayetuletea mayai nimemweleza. Binti yangu ni mshauri nasaha, na si mshauri wa hivi hivi, amesomea ushauri wa masimulizi na cheti anacho. Kimekaa ukutani kwangu, kwa vile wewe ulisema huko kuna vumbi. Mgeni akiingia namkalisha mahali anapokiona.

Unakumbuka ulivyoanza hiyo kozi? Ulikuwa unatoka kazini Westlands, unashuka mjini, unapanda ngazi za lile jengo ambalo lifti yake hufanya kazi ikitaka, kisha unarudi nyumbani kunieleza mliyosoma. Mimi shule niliiacha darasa la saba, lakini nilikuelewa. Ulisema mtu akija na shida, hamumwoni yeye kuwa ndiye shida. Mnaitoa mnaiweka kando, mnaipa jina, mnauliza ilikuja lini na inamfanyia nini. Halafu mnatafuta siku ambayo hiyo shida ilishindwa, hata kama ilishindwa kidogo tu, na mtu anaanza kusimulia maisha yake upya kutokea hapo.

Jumapili tukitoka kanisani ulikuwa unanifanyia mazoezi mimi nikichambua mahindi ya muthokoi.

"Mama, hebu tuipe jina hiyo shida yako."

"Shida yangu ni mwenye nyumba. Jina analo, alipewa na mamake."

"Aki Mama, kuwa siriasi."

"Niko siriasi. Niulize alianza lini."

Ulicheka mpaka ukasahau swali linalofuata.

Lakini kulikuwa na jambo lililokukosesha raha. Mwalimu wako, Bi Harpreet, alikwambia unashauri sana. Kazi yenu ni kuuliza na kusikiliza, na wewe mtu hajamaliza sentensi umeshampangia maisha. Akasema usipoacha tabia hiyo hatakupitisha, na kazi ya Lodwar ilikuwa inangoja hicho cheti.

"Sijui hii tabia niliitoa wapi," ulisema.

"Usiniangalie."

"Sikuangalii, Mama."

Ulikuwa unaniangalia. Na ulikuwa na haki. Mimi ndiye ninayeitwa harusi ikitaka kuvunjika, mimi ndiye ninayewaambia wasichana wa kwaya ni nani wa kuolewa naye na ni nani wa kusalimia tu. Nashauri vizuri, sitakudanganya. Lakini wiki hizo niliomba Mungu kimoyomoyo kwamba hicho kitu usiwe umekirithi chote.

Ikaja siku ya mtihani wa mwisho. Ulitakiwa umhoji mtu mwenye shida ya kweli, aliyekubali kuja, na pembeni akae shahidi ambaye si mwanafunzi. Shahidi anasikiliza. Mwishoni anaulizwa ni neno gani lililomgusa na limemkumbusha nini katika maisha yake. Kusifu hapana, kushauri hapana. Shahidi ulimchagua rafiki yako wa Kinoo, msichana mpole, hata pilau huwa anaogopa kuomba tena. Asubuhi hiyo akapiga simu kwamba mkubwa wake kazini amemkatalia ruhusa. Ukashika simu ukaniangalia kama mtu aliyefika kituoni akakuta basi limebaki moja, na ni lile bovu.

"Mama, utaweza kunyamaza?"

"Mimi? Nitanyamaza kama benchi."

Nilivaa suti yangu ya samawati. Yule mama uliyemhoji alikuwa fundi wa kushona, na ameniruhusu kusema haya ninayoyasema, mengine nimeyafunga. Kibanda chake kiliungua, na tangu hapo anaogopa hata kuigusa cherehani. Ulipomwomba aipe jina hiyo hofu, alifikiri, akasema ni Mpangaji. Aliingia bila kukaribishwa na sasa anajifanya nyumba ni yake. Uliuliza pole pole, mwanangu. Uliuliza kama kuna siku Mpangaji alikuwa amelala au ametoka. Mama wa watu akaanza sentensi mara mbili akaiacha, na wewe hukummalizia. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu. Kisha akasema kuna asubuhi alishona kifungo cha shati la mjukuu wake, kwa sindano ya mkono, kabla hajakumbuka kuogopa.

Zamu yangu ikafika. Kichwani nilikuwa nimeshamaliza mambo yake yote. Nilijua anayeuza cherehani nzuri, nilijua zaburi ya kumsomea, nilijua hata pa kuweka hicho kibanda kipya. Nikafungua mdomo.

"Mama, mimi ningekuwa wewe..."

Bi Harpreet akaweka kalamu chini. Mwende, niliiona sura yako ikibadilika, nikajua nimeishika kazi yako mkononi na nimeanza kuiachia. Ningependa kusema nilijizuia mwenyewe. Ni wewe. Ulinigeukia, si kama binti anayetaka kumfinya mamake, ulinigeukia kama ulivyomgeukia yule fundi.

"Mama, katika yote uliyosikia, ni neno gani lilikushika?"

Swali dogo namna hiyo. Ushauri wote ukaniishia.

"Kifungo," nikasema.

"Kimekukumbusha nini?"

Ndipo nikasema kile ambacho hata wewe sikuwahi kukwambia. Baba yako alipofariki, sikuweza kuingia chumbani kwetu. Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani mama anapenda kulala kwenye kochi. Asubuhi moja mvua ilinyesha, wewe unaenda shule, na sweta yako iko kwenye kabati huko ndani. Nikaingia, nikaichukua, nikatoka. Ni hayo tu. Lakini baada ya siku hiyo niliweza kuingia tena.

Fundi akanitazama. "Kumbe na wewe ulikuwa na mpangaji."

"Nilikuwa naye. Na kodi hakulipa."

Tulicheka sote, hata Bi Harpreet, na wewe ulikuwa unafuta macho kwa mkono wa sweta. Mwalimu akaiokota kalamu. "Mwende," alisema, "leo hujamshauri mtu. Hata mama yako." Nilielewa umepita kabla hajatamka.

Tulipofika chini ukakaa kwenye ngazi.

"Mama, ulikuwa uniangushe."

"Niliteleza tu kidogo."

Nikamweleza mlinzi wa mlangoni kwamba huyu ni binti yangu na amepita. Alikupa hongera. Ulijifanya kuona haya, lakini mkono wake uliushika vizuri.

Mwanangu, nimepumua. Niliogopa kwamba kitu ulichokichukua kwangu kitakufungia njia, na kumbe uliweza kukiweka chini mbele ya macho yangu, ukaniwekea na changu.

Siku hizi ukipiga simu jioni nikakuuliza kazi ilikuwaje, unasema ilikuwa poa, Mama. Nakujua. Naisikia sauti ikiwa imebeba shida ya mtu, na ulimi wangu unawasha. Zamani ningekuchimba mpaka useme, na kesho yake kundi zima la akina mama lingekuwa linamwombea mtu lisiyemjua. Sasa nanyamaza, na wewe unanyamaza. Tunakaa hivyo kidogo, mbwa akibweka upande wako na mvua ikigonga mabati upande wangu, halafu nakuuliza umekula nini. Unaniambia. Na mimi naenda kulala.

Ni mimi mamako, mama mzazi wa mshauri, na hao wa huko uwaambie hivyo.